'Thou' si neno la heshima: Kwa nini msomaji wa Karagwe tayari ana ufunguo wa Kiingereza cha kale

Chukulia uko Bugene, Karagwe. Simu inatoa mlio wa WhatsApp. Ndugu aliyeko Uingereza anaoa, na ametuma ujumbe mfupi kwa Kiingereza: "You are invited."

Nyumbani swali linaanza hapo hapo. Umealikwa wewe peke yako, au mmealikwa familia nzima?

Kiingereza cha leo hakijibu. "You" ni ya mtu mmoja, na hiyo hiyo ni ya watu mia. Hata ukiupeleka ujumbe kwenye programu ya tafsiri, nayo inabahatisha tu: lazima ichague "umealikwa" au "mmealikwa", na ndani ya sentensi hakuna cha kuisaidia.

Kumbe kuna wakati Kiingereza chenyewe kilikuwa na jibu. Mtu mmoja aliambiwa "thou art". Wengi waliambiwa "ye are".

Maneno hayo, na vitenzi vyake vya ajabu kama "hast", "dost" na "wilt", ndiyo yanayowachanganya wengi wanapofungua tamthilia ya Shakespeare, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, au hadithi yoyote ya enzi hizo. Na kosa linalojirudia ni moja: kudhani kwamba "thou" ni Kiingereza cha heshima, cha kifalme au cha kanisani.

Sivyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ilikuwa kinyume kabisa. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

'Thou' ni nani hasa?

"Thou" ni "wewe". Nafsi ya pili, umoja. Basi.

Anayezungumza Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa sababu analifanya kila siku bila kufikiri. "Unaenda" ni mmoja, "mnaenda" ni wengi. Anayezungumza Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, analifanya pia: kitenzi hubeba o- kwa mmoja na mu- kwa wengi. (Kinyambo si lugha isiyo na maandishi, maana mwanaisimu Josephat Rugemalira aliiandikia sarufi nzima, iliyochapishwa 2005 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.)

Kwa hiyo ukipanga maneno ya Kiingereza cha kale kando ya Kiswahili, yanalala sawa kabisa:

- thou: u- ya "unasema", yaani mtendaji
- thee: -ku- ya "nakuona", yaani mtendewa
- thy, thine: -ako ya "nyumba yako"
- ye: m- ya "mnasema"
- you: -wa- ya "nawaona ninyi"
- your: -enu ya "nyumba yenu"

Angalia mstari wa tano. "You" tunayoijua leo ilianza maisha ikiwa ya wengi tu, tena wale wanaotendewa. Baadaye ndiyo ikaja kumeza viti vyote.

Kitenzi nacho kilivaa sare

Kiswahili huweka alama ya mtu mwanzoni mwa kitenzi. Kiingereza cha kale kiliiweka mwishoni. Kwa "thou", alama hiyo ilikuwa -st au -est.

- thou art: wewe ni
- thou hast: una
- thou knowest: unajua
- thou knewest: ulijua
- thou wilt, thou shalt: uta-, yaani wakati ujao
- thou didst go: ulienda

Art, wilt na shalt zinaishia na t tu, lakini kazi ni ile ile: ukiona kitenzi hicho, ujue anayeambiwa ni mmoja.

Hapa kuna mtego. Mwisho wa -eth, kama katika "speaketh" na "goeth", si wa nafsi ya pili. Ni wa nafsi ya tatu: yeye anasema, yeye anaenda. Watu wanaoigiza Kiingereza cha kale kwenye video za utani hubandika -eth kila mahali, wakasema "thou goeth". Kwa mtu wa enzi zile, hiyo ingesikika kama "wewe anaenda".

Heshima iliingia vipi?

Kuanzia karne ya 13 hivi, Waingereza walianza kumwambia mtu mmoja mkubwa kana kwamba ni wengi. Mfalme, bwana, mzazi na tajiri wakaanza kuitwa "ye" na "you" hata wakiwa peke yao. Tabia hiyo ilitokana na Kifaransa, kilichokuwa lugha ya wakubwa wa Uingereza wakati huo.

Mtindo huo hauko mbali na Karagwe. Ukivuka mto Kagera kuingia Rwanda, anayezungumza Kifaransa humwambia rafiki "tu" na humwambia mkubwa "vous", na "vous" ndiyo ile ile ya watu wengi.

Sasa tazama kilichotokea. "You" ilipopanda cheo, "thou" ilishuka. Ikabaki kwa watoto, watumishi, marafiki wa karibu, wapenzi, na watu ambao msemaji anawadharau. Ikawa neno la ukaribu au la kushusha, kutegemea nani anamwambia nani.

Kufikia zama za Shakespeare, miaka ya 1590 na mwanzoni mwa 1600, kuchagua kati ya maneno hayo mawili kulisema mengi kabla sentensi haijaisha.

Mahakamani na jukwaani, lilikuwa kofi

Katika tamthilia ya Twelfth Night, mhusika Sir Toby anamshauri rafiki yake namna ya kuandika barua ya kumchokoza adui. Miongoni mwa mbinu ni hii: mwite "thou", na ukifanya hivyo mara tatu hivi haitakuwa vibaya. Watazamaji walielewa mara moja. Hayo yalikuwa matusi yasiyohitaji tusi.

Nje ya jukwaa mambo yalikuwa hivyo hivyo. Novemba 1603, Sir Walter Raleigh, aliyewahi kuwa kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza, alishtakiwa kwa uhaini mjini Winchester. Mwanasheria mkuu wa serikali, Edward Coke, alimrushia "thou" mbele ya mahakama, tena akatamka wazi kwamba anamwita hivyo kwa makusudi kwa sababu ni msaliti.

Nusu karne baadaye, Waquaker, waliofuata mafundisho ya George Fox, walikataa mchezo wote. Kwao watu ni sawa mbele ya Mungu, hivyo kila mtu mmoja ni "thou", awe mkulima au hakimu. Wakubwa walilichukulia kama dharau. Fox mwenyewe aliandika kwamba watu wake walipigwa na kunyanyaswa kwa sababu hiyo.

Waquaker hao si wageni Afrika Mashariki. Wamisionari wao wa Kimarekani walifungua kituo Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye Waquaker wengi zaidi duniani.

Kama bado huhisi ukali wake, fikiria hivi. Mzee anapita barabarani Kayanga na wewe unamwita kwa sauti: "We!" Hujamtukana. Umetumia neno la kawaida la nafsi ya pili. Lakini jaribu uone utakavyotazamwa.

Basi mbona linasikika takatifu?

Kwa sababu ya mahali lilipokwenda kujificha.

Biblia ya Mfalme James ilitoka 1611, wakati "thou" ikiwa tayari imeanza kuchoka mitaani. Watafsiri waliishika kwa sababu ya hesabu, si ya heshima: Kiebrania na Kigiriki hutenganisha mmoja na wengi, nao walitaka msomaji aone tofauti hiyo. Kila aliye mmoja akawa "thou". Mungu ni "thou". Mtumwa ni "thou". Hata Shetani anapofukuzwa, naye yumo humo humo. Lingekuwa neno la heshima, asingelipata.

Katika karne ya 17 na ya 18 "thou" ilitoweka kwenye mazungumzo ya kawaida ya wengi, ikabaki kwenye lahaja chache, hasa kaskazini mwa Uingereza. Lakini kanisani iliendelea kusomwa kila Jumapili. Vizazi vilivyofuata havikuisikia tena sokoni wala nyumbani. Viliisikia kwenye sala tu. Taratibu neno la kumwitia mtoto likapata harufu ya madhabahu.

Waandishi wa hadithi wakalichukua hivyo hivyo. Walter Scott, katika Ivanhoe iliyotoka kati ya 1819 na 1820, aliwapa wahusika wake "thou" ili wasikike kama watu wa karne ya 12. H. Rider Haggard alifanya jambo la jamaa hiyo katika riwaya yake ya 1885, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Mashimo ya Mfalme Suleimani: Waafrika wa nchi ya kubuni wanazungumza Kiingereza chenye ladha ya kizamani. Msomaji wa London alipata hisia kwamba watu hao wanaishi zama nyingine, ilhali kwenye hadithi ni wa wakati mmoja na wazungu wanaowatembelea.

Mpaka kwenye sinema mchanganyiko huo upo. Kwenye filamu ya Star Wars ya 1980, Darth Vader anapiga goti mbele ya bosi wake na kumwambia "thy". Leo inasikika kama unyenyekevu mkubwa. Kwa desturi ya mwaka 1600, kumwambia mkubwa wako hivyo kungekuwa kama kumfanya mwenzako wa kucheza naye.

Kilichopotea, Kiswahili kinacho

Chukua sehemu moja maarufu, Luka sura ya 22, aya ya 31 na 32. Yesu anazungumza na Simoni Petro. Anamwambia kwamba Shetani amewataka "you", halafu anasema kwamba yeye amemwombea "thee".

Ukisoma Biblia nyingi za Kiingereza cha leo, zote mbili zimekuwa "you", na msomaji anaweza kudhani sentensi nzima inamhusu Petro tu. Ile ya 1611 inaonyesha kitu kingine: hatari ni ya wanafunzi wote, ombi ni kwa ajili ya Petro mmoja. Ndiyo maana mwishoni anapewa kazi ya kuwaimarisha wenzake.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hakuwahi kupata shida hiyo. Kwake ni "ninyi", kisha "wewe". Imeisha.

Bweranyange, 1861

Karagwe yenyewe ina mfano wa jinsi tofauti hii inavyoweza kupotelea njiani.

Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Katika kitabu chake kilichotoka 1863, Speke anaeleza kwamba salamu za kwanza za mfalme zilitolewa kwa Kiswahili kizuri.

Hebu simama hapo kidogo. Wageni wawili, mwenyeji mmoja, Kiswahili kizuri. Kwa sarufi ya lugha hiyo, mwenyeji anayewaambia wote wawili hutumia m-. Akimgeukia Speke peke yake, ni u-. Walio chumbani wanajua anaambiwa nani bila hata kutazama macho ya mfalme.

Mazungumzo kama hayo yakiandikwa kwa Kiingereza cha 1863, u- na m- zote zinaingia kwenye chungu kimoja cha "you". Na tofauti hiyo haikuwa ndogo kwa wageni hawa, kwa sababu safari yao iligawanyika: Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Uganda, Grant akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa akiugua mguu. Ruhusa ya kuondoka, ahadi ya walinzi, ushauri wa kusubiri: kila kimoja kina maana tofauti kikiwa cha mmoja au cha wawili.

Lakini Kiswahili hakishindi kila mahali

Kiswahili kinashinda kwenye hesabu. Kwenye ile dharau ya "thou", kinabanwa.

Mwalimu Julius Nyerere alikutana na ukuta huo. Alitafsiri Julius Caesar, iliyotoka mara ya kwanza 1963, kisha The Merchant of Venice, iliyotoka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitoa Makbeth, 1968.

Katika tendo la kwanza la hiyo tamthilia ya Venisi, Shylock anamkumbusha Antonio jinsi alivyokuwa akimdhalilisha sokoni. Anatumia "you" kwa mpangilio, kama mtu mwenye biashara. Antonio anajibu kwa "thee" na "thou", akimwambia kwamba yuko tayari kumdhalilisha tena. Mmoja anatoa heshima, mwingine anarudisha dharau, na yote yamo ndani ya maneno madogo ya nafsi ya pili.

Mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Ana u- moja, -ku- moja na -ako moja kwa wote wawili. Dharau hiyo lazima aipakie kwenye kitu kingine: "we" mahali pa "wewe", jina analoitwa mtu, au namna sentensi inavyokatwa. Kiswahili huweka heshima nje ya kitenzi, kwenye "shikamoo", "mzee", "mama", "bwana". Ukiziondoa hizo, u- inabaki u-, kwa rais na kwa mtoto.

Ndiyo sababu kumtafsiri Shakespeare si kubadilisha maneno tu. Ni kupeleleza nani anamheshimu nani kwenye kila mstari.

Kiswahili nacho kina 'thou art' yake

Usiwacheke Waingereza kwa kupoteza maneno. Kiswahili pia kimepoteza, tena pale pale.

Leo tunasema "mimi ni", "wewe ni", "yeye ni", "ninyi ni". Neno moja kwa wote, kama "are" ilivyoisukuma "art" pembeni. Lakini katika hadithi na mashairi ya zamani, na kwa baadhi ya watu wa pwani hadi leo, nafsi ya pili ina umbo lake: "u nani?" kwa mmoja, "m nani?" kwa wengi. "U mzima?" "M wazima?"

Umbo hilo halijafa kabisa. Ukimwuliza mtu "u hali gani?" unalitumia. Kadhalika "waonaje?" na "mwasemaje?", ambazo mjini zimekuwa "unaonaje?" na "mnasemaje?". Kijana akizisikia leo anaona ni Kiswahili cha redio au cha wazee. Zamani zilikuwa maneno ya kuulizana tu.

Hiyo ndiyo njia "thou" iliyopita. Neno la kawaida linaachwa na wengi, linabaki kwa wachache, halafu linaanza kuonekana la kifahari.

Ukikutana nayo, fanya hivi

Kwanza, hesabu. Ukiona thou, thee, thy au kitenzi cha -st, anayeambiwa ni mmoja. Ukiona "ye", mara nyingi ni wengi.

Pili, angalia ni kitabu gani. Kwenye Biblia ya 1611, "thou" haisemi lolote kuhusu cheo. Ni hesabu tu. Kwenye tamthilia ya Shakespeare, uliza wanaozungumza ni nani kwa nani: wapenzi, bwana na mtumishi, au maadui?

Tatu, tafuta mahali inapobadilika. Mhusika aliyekuwa akisema "you" akihamia "thou" ghafla, kuna kitu kimetokea. Amekasirika, amependa, au ameamua kushusha mtu. Wanafunzi wengi hupita hapo bila kuona, wakati mara nyingi hapo ndipo tukio linapogeuka.

Nne, tafsiri kichwani kwa u- na m-. Kwa Kiswahili au kwa Kinyambo, yoyote iliyo karibu. Utajua anaambiwa nani kabla hujafungua kamusi.

Waingereza na Wamarekani wenyewe wanahangaika kuziba pengo hilo hadi leo. Ndiyo maana unawasikia wakisema "you guys", "y'all" au "yous" wanapotaka kusema "ninyi". Wanajenga upya chumba walichokibomoa.

Na ule mwaliko wa harusi? Usibahatishe. Mjibu ndugu yako kwa Kiswahili: "Nimealikwa au tumealikwa?" Atajua unauliza nini, na mtajua mkate tiketi ngapi.